Dawa Inayofunga Maji

Desmopressini ni dawa ya homoni yenye kazi moja kubwa: huiamuru figo irudishe maji mwilini badala ya kuyaacha yatoke na mkojo. Hupewa mtu ambaye ubongo wake umeshindwa kutoa vasopressini, homoni ya asili inayofanya kazi hiyo hiyo. Mtu huyo hukojoa lita tatu, sita, hata zaidi ya kumi kwa siku. Mkojo wake hauna rangi wala sukari, na kiu haimpi nafasi ya kulala. Akiipata dawa kwa kipimo chake, ndani ya saa moja au mbili mkojo hupungua, kiu hutulia, na usiku unakuwa usiku tena. Dawa zinazoleta nafuu upesi namna hii si nyingi. Lakini nguvu hiyo ndiyo hatari yake, maana dawa haijui mtu amekunywa maji kiasi gani.

Katika mwili wenye afya, figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na karibu yote hurudishwa. Kinachotoka ni lita moja au mbili. Hatua ya mwisho ya kurudisha maji inategemea vasopressini. Homoni hii hutengenezwa katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, ikahifadhiwa nyuma ya tezi ya pituitari, na kuachiwa kila damu inapozidiwa na chumvi. Ikifika kwenye figo hufungua vijia vya maji katika kuta za mirija ya mwisho, na maji yakarudi kwenye damu. Peter Agre, aliyegundua protini za vijia vya aina hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Mtu mzima wa afya akinywa maji kupita kiasi, homoni husita na figo huyaachia maji ya ziada yaende. Kusita huko ndiko kunakokosekana kwa anayetumia desmopressini. Dawa ikishaingia hufanya kazi mpaka iishe, saa nane hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, awe amekunywa kikombe au ndoo.

Huko Bagira, lita hazihesabiwi kama zinavyohesabiwa Ulaya. Komini hii ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambayo sehemu ya nyumba zake zilijengwa miaka ya 1950 na Ofisi ya Makazi ya Waafrika ya serikali ya Kibelgiji, imekaa kwenye miteremko juu ya Ziwa Kivu. Mvua ni nyingi, ziwa haliko mbali, na bado robine ya REGIDESO, shirika la maji, yaweza kukauka watu wakapanga foleni na mabidoni ya lita 20. Mgonjwa anayekunywa lita kumi kwa siku anamaliza nusu bidoni peke yake, kabla ya mtu yeyote nyumbani kupika au kunawa. Tena ayapate yakiwa safi, katika jimbo ambalo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Akiyachemsha, makaa yanunuliwe. Usiku, choo kiko nje, umeme umekatika, na kutoka mara sita gizani si jambo la kuombea, hasa kwa mwanamke au mtoto. Mwanafunzi anayeomba ruhusa kila nusu saa huonekana mtoro. Kwa hiyo ugonjwa ambao kwingine huitwa usumbufu, Bagira ni mzigo wa nyumba nzima, na dawa inayoupunguza ina thamani kuliko inavyoonyesha bei yake. Hapo ndipo inapozaliwa tamaa ya kuimeza bila mpango: mtu aliyepata kulala usiku mmoja baada ya miezi ya kukesha huona kwamba komprime mbili zitamfaa kuliko moja.

Kabla ya dawa kuna swali la ugonjwa wenyewe, na swali hili halirukwi. Kukojoa sana kuna vyanzo vingi. Cha kwanza kuondolewa mashakani ni kisukari cha kawaida, ambacho tone la damu kidoleni hukitambua hata katika dispansari ndogo. Kalsiamu kupanda na potasiamu kushuka huweza kuleta hali hiyo hiyo. Kuna figo ambazo homoni inazifikia lakini hazitii, kwa kurithi au kwa kutumia lithiamu muda mrefu. Hizo desmopressini haizisaidii, au huzisaidia kidogo sana. Na kuna mtu anayekunywa kwa mazoea au kwa maradhi ya akili, ambaye homoni yake ni nzima. Huyo akipewa desmopressini anaweza kuletewa hatari ya kifo: ataendelea kunywa, na figo hazitaachia kitu.

Ndiyo maana hospitali hupima wingi wa mkojo wa saa 24, uzito wake na kiwango cha sodiamu katika damu, kisha humzuia mgonjwa asinywe kwa saa kadhaa chini ya uangalizi na kuona kama mkojo utakuwa mzito. Kipimo hicho hakifanywi nyumbani hata siku moja, kwa sababu mgonjwa wa kweli anaweza kukauka na kuzidiwa katika saa hizo chache. Siku hizi kuna kipimo cha damu cha kopeptini, chembe inayotoka pamoja na vasopressini, lakini kinahitaji maabara kubwa. Kwa mkazi wa Bagira njia huanzia kituo cha afya cha mtaa na kuishia, kwa kawaida, Hospitali Kuu ya Rufaa ya Jimbo, inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, au ng'ambo ya mpaka, Rwanda.

Homoni ikithibitika kupungua, hutafutwa kilichoipunguza: uvimbe karibu na pituitari, kifua kikuu kilichopanda kwenye utando wa ubongo, upasuaji, au pigo la kichwa. Hili la mwisho halihitaji maelezo marefu katika mji wa pikipiki na risasi. Baada ya jeraha la kichwa mambo hubadilika haraka: mkojo unaweza kumwagika siku za kwanza, kisha tezi iliyoumia ikaachia akiba yake yote na mkojo ukakauka ghafla, kisha upungufu ukarudi na kudumu. Mgonjwa wa namna hiyo hapewi dozi za kudumu mapema. Kila dozi hungoja mkojo urudi kuwa mwingi kwanza.

Sayansi ilichelewa kufika hapa. Mwaka 1794 daktari Johann Peter Frank alitenganisha kukojoa sana kusiko na sukari na kule kwenye sukari. Mwaka 1913 madaktari wa Italia na Ujerumani walionyesha kwamba dondoo la nyuma ya pituitari linazuia mkojo. Kwa miongo mingi wagonjwa walichomwa au kuvuta puani bidhaa za tezi za ng'ombe na nguruwe. Vincent du Vigneaud alitambua muundo wa homoni, akaitengeneza maabarani na kupata Nobel mwaka 1955. Desmopressini yenyewe ilitoka Prague mwaka 1967, mikononi mwa Milan Zaoral na wenzake, waliobadilisha homoni hiyo sehemu mbili tu ili idumu zaidi na isipandishe shinikizo la damu.

Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa homoni vilipendekeza ugonjwa huu uitwe upungufu wa vasopressini. Jina la zamani lilikuwa na neno moja na kisukari, na wahudumu walikuwa wakimpima mgonjwa sukari, wakaiona nzuri, wakamnyima dawa yake.

Dawa huja kwa sura kadhaa, na sura hizi hazibadilishani namba. Komprime ya kumeza hupoteza karibu yote tumboni, kiasi kwamba chini ya asilimia moja ndiyo inayofika kwenye damu. Inayoyeyuka chini ya ulimi hupenya vizuri kidogo, ya puani zaidi, na ya sindano karibu yote. Kwa makadirio, mikrogramu 200 za kumeza ni sawa na 120 za chini ya ulimi na 10 za puani, na 10 za puani ni sawa na moja tu ya sindano. Anayesoma namba ya puani na kuichoma kwa sindano amezidisha mara kumi. Kosa jingine liko kwenye vipimo: kifurushi kimoja huandikwa miligramu 0.1, kingine mikrogramu 100, na ni kitu kile kile. Kwa sababu hiyo, dawa ikinunuliwa Kigali mwezi huu na Bujumbura mwezi ujao, jina peke yake halitoshi. Sura, namba na kipimo vinapaswa kusomwa upya kila mara. Mwaka 2020 kampuni ya Ferring ilirudisha kiwandani dawa zake za kupuliza puani baada ya kuonekana kwamba baadhi zilikuwa na nguvu kupita iliyoandikwa. Kama kiwanda chenyewe kinaweza kuteleza hivyo, chupa isiyojulikana ilikotoka haifai kuaminiwa.

Kwa Bagira, sura inayofaa zaidi ni komprime. Sindano na baadhi ya dawa za puani hutaka friji, na friji hutaka umeme wa shirika la SNEL usiokatika. Komprime hutaka mahali pakavu pasipo joto, na baridi ya Bukavu inasaidia. Unyevu ndio wa kuogopwa, hivyo zibaki katika kifurushi chake, si katika bahasha ya karatasi. Isitoshe, mafua huziba pua na kupunguza dawa inayopenya, na mafua katika mji huu wa mvua si haba.

Mtu mzima kwa kawaida huanza na mikrogramu 50 au 100 za kumeza wakati wa kulala, ili faida ya kwanza iwe usingizi. Daktari huongeza polepole, akiongeza dozi ya asubuhi au ya mchana ikihitajika. Wagonjwa wawili wenye umri na uzito sawa wanaweza kuhitaji dozi zinazotofautiana sana, kwa hiyo dozi ya jirani haimfai mwingine. Sodiamu hupimwa kabla ya kuanza, tena ndani ya wiki ya kwanza, tena baada ya mwezi, kisha kila dozi inapobadilishwa. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Maabara huita kipimo hicho ionogramu. Ni bora familia ikitafutie fedha kabla ya kununua kifurushi cha pili.

Hatari kubwa ya desmopressini ni kuzama ndani kwa ndani: maji yanabaki mwilini, sodiamu inazimuliwa, na seli za ubongo zinavimba. Inatokea zaidi kwa njia moja ya kawaida kabisa. Mtu aliyezoea kunywa lita kumi kwa miaka hubaki na mkono uliozoea kikombe hata baada ya kiu kwisha. Anakunywa anapoamka, anapopita jikoni, anapoona bidoni imejaa baada ya siku za ukame. Zamani mazoea hayo yalikuwa yakimwokoa; sasa yanamdhuru. Kanuni ya kwanza ya dawa hii ni kunywa kwa kiu tu, na kuacha kiu inapoacha. Kuogopa kukauka ni kosa kwa aliyemeza dawa yake; woga wake ungekuwa na haki siku anapoikosa.

Kanuni hiyo inagongana na mapenzi ya watu. Mhudumu anayemwambia kila mgonjwa wa homa au wa mkojo kuchoma "kunywa maji mengi" anasema jambo jema kwa wengi na baya kwa huyu. Uji, chai na supu vyote ni maji. Bia nayo. Na kuna jambo ambalo wanywaji hawalitarajii: pombe humfanya mtu akojoe kwa kuizuia pituitari isitoe homoni, lakini haiwezi kuzuia homoni iliyotoka kwenye komprime. Bia tatu za Primus au jagi la pombe ya kasiksi juu ya dawa hubaki ndani karibu zote.

Kanuni ya pili ni kuipa figo nafasi. Kila siku, kabla ya dozi inayofuata, mgonjwa angoje aone mkojo umeanza kuwa mwingi na mweupe tena. Ndiyo dalili kwamba dozi iliyopita imekwisha na maji ya ziada yametoka. Asiyeweza kufanya hivyo kila siku kwa sababu ya kazi au shule, madaktari wengi humshauri acheleweshe dozi moja kila wiki mpaka mkojo na kiu virudi.  Wagonjwa hawaipendi siku hiyo ya kuchelewesha, na wanaeleweka. Hata hivyo ni saa chache za usumbufu kwa kinga kubwa.

Pasipo maabara karibu, mizani husaidia kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Kilo moja iliyoongezeka kwa siku moja si mafuta. Ni lita moja ya maji iliyobaki. Kilo mbili ni sababu ya kuacha kunywa, kuahirisha dozi na kwenda kupimwa. Kwa mgonjwa ambaye jeraha la ubongo limemwondolea hata hisia ya kiu, mizani na kikombe chenye alama ndivyo vinavyochukua nafasi ya kiu, na mtu mwingine nyumbani lazima awe mwangalizi.

Hatari nyingine imo ndani ya dawa za kila siku. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa Bagira kwa kila maumivu ya mgongo, huongeza nguvu ya desmopressini. Karbamazepini ya kifafa hufanya vivyo hivyo, na dawa kadhaa za huzuni, na loperamidi ya kuharisha, ambayo huongeza sana kiasi cha dawa kinachopenya tumboni. Hii haimaanishi zisiguswe kabisa. Inamaanisha aliyeandika moja ajue kuhusu nyingine. Parasetamoli ndiyo chaguo salama zaidi kwa maumivu madogo. Mwenye figo zilizochoka au moyo ulioshindwa hapewi desmopressini.

Serumu, yaani maji ya kutundikwa mshipani, nayo inahitaji kutazamwa kwa jicho la peke yake. Homa ikipanda, familia nyingi hutulia zinapoona chupa imetundikwa, na mara nyingi iliyotundikwa ni glukoze ya asilimia 5. Mwili hutumia sukari hiyo haraka, na kinachobaki ni maji matupu. Kwa mtu wa kawaida figo huyatoa. Kwa aliyemeza desmopressini, serumu hiyo ikizidi inaweza kushusha sodiamu hadi degedege. Dalili za maji kuzidi ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa, kisha degedege na kupoteza fahamu. Katika Kivu, orodha hiyo inasomwa kuwa malaria kali kabla hata ya kipimo, na malaria kali huleta serumu nyingine. Mzunguko huo unaweza kuua mtu ambaye hakuwa na malaria kabisa. Mgonjwa wa desmopressini anayetapika na kuumwa kichwa apimwe malaria na sodiamu siku hiyo hiyo, na glukoze isitundikwe mpaka majibu yajulikane, isipokuwa sukari ya damu imeshuka kweli.

Sodiamu iliyoshuka hurekebishwa hospitalini, taratibu. Kupandishwa zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa siku moja kunaweza kuharibu ubongo kwa namna isiyorudi. Hata kusimamisha dawa ghafla kwaweza kufungua mkojo wote na kupandisha sodiamu kupita kiasi. Ndiyo maana familia isijaribu kurekebisha kwa kumlisha mgonjwa chumvi.

Watoto wana tahadhari yao. Desmopressini hutumiwa pia kwa mtoto anayekojoa kitandani, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa kibali cha ile ya puani kwa kazi hiyo baada ya kupitia visa 61 vya degedege kutokana na sodiamu kushuka, viwili vikiwa vya vifo. Anayepewa komprime kwa sababu hiyo asinywe kuanzia saa moja kabla ya dawa hadi saa nane baadaye. Kwa mjamzito dawa inaendelea. Kondo la nyuma hutoa kimeng'enya kinachovunja vasopressini ya asili, lakini hakiivunji desmopressini.

Linabaki swali la kuikosa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaitaja desmopressini, ila katika sehemu ya kuganda kwa damu, kwa ajili ya hemofilia na magonjwa ya jamii hiyo. Farmasi ndogo haina sababu ya kuiweka. Mwezi wa Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu baada ya kuuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, kila kilichokuwa kikifika kwa ndege kilikatika. Mwenye ugonjwa huu anapaswa kuwa na akiba ya mwezi mmoja au zaidi, na kutoanza kupunguza dozi kwa kukisia inapoelekea kuisha. Dawa ikiisha kabisa, maji ndiyo matibabu: mtu mwenye kiu nzima na bidoni iliyojaa haangamii. Hidroklorothiazidi, komprime ya bei nafuu ya shinikizo la damu, hupunguza mkojo wa ugonjwa huu ikitumika pamoja na chakula chenye chumvi kidogo. Ni jambo lililojulikana tangu 1959, na daktari anaweza kuiandika kama daraja. Haitumiki juu ya desmopressini bila kupima, maana nayo hushusha sodiamu.

Anayeangamia ni yule asiyeweza kunywa mwenyewe: mtoto mchanga, aliyepoteza fahamu, aliyefungiwa chakula kabla ya upasuaji. Mwaka 2009, katika hospitali ya London, kijana wa miaka 22 aliyekuwa amelazwa kwa ajili ya nyonga alikufa kwa kukauka baada ya kutopewa dawa yake. Alikuwa amepiga simu polisi akiomba maji. London ina madaktari wa homoni wengi. Kilichokosekana ni mtu wa zamu aliyeelewa.

Kila mgonjwa wa Bagira anayetumia dawa hii abebe karatasi ndogo pamoja na kadi yake ya mpiga kura. Iandikwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndicho kinachosomwa kwenye mafaili ya hospitali, na ndugu anayelala naye wodini aijue kwa Kiswahili: jina la ugonjwa, jina la dawa, sura na kipimo chake, saa ya dozi, dozi isiachwe bila amri ya daktari, maji yasifichwe mgonjwa mwenye kiu, glukoze isitundikwe bila kupima sodiamu.